Joto la Mbezi Luis na Hesabu ya Miaka Thelathini

Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021, hukutanisha tabianchi za Tanzania nzima kwenye lami moja. Abiria aliyepanda basi Mbeya alfajiri akiwa amejifungia ndani ya koti hushuka jioni amelivua na kulitundika begani. Wa kutoka Dodoma jua analijua, ila hajauzoea unyevunyevu huu unaonatisha shati mgongoni. Wa Iringa hununua maji ya baridi kabla hajaulizia mzigo wake. Na getini, dereva wa bodaboda anayewasubiri huwapokea kwa maneno ambayo Dar es Salaam huyasema kila Februari: “Joto la mwaka huu limezidi.”

Huenda limezidi kweli. Huenda pia ni joto lile lile la kila Februari, ila la mwaka juzi limeshasahaulika. Ngozi ya mtu hulinganisha leo na jana, mchana na usiku. Haina daftari la miaka iliyopita. Sayansi ya hali ya hewa inalo daftari hilo, na kulisoma hakuhitaji shahada. Anayejenga Makabe, anayelima mchicha kando ya Mto Mbezi, anayepiga hesabu ya kununua tenki la maji kule Msakuzi, wote wanahitaji kuuliza mambo matatu kila wanaposikia habari za wastani: ni wastani wa wapi, wa miaka ipi, na hali halisi huyumba kiasi gani kuuzunguka.

Dar ya kawaida ikoje

Tuanze na namba. Vipimo vya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere vya mwaka 1971 hadi 2000 vinaonyesha kuwa mwezi wenye joto kali zaidi Dar es Salaam ni Februari. Mchana hufika kwa wastani nyuzi joto 32 na kidogo, na usiku hushuka hadi kama 23. Miezi ya baridi ni Julai na Agosti: mchana nyuzi 29 hivi, usiku 18. Kumbe mchana wa msimu wa joto na ule wa msimu wa baridi hupishana kwa nyuzi tatu na nusu tu. Tofauti kubwa iko usiku, ambako ni nyuzi tano. Ndiyo maana mwezi wa saba watu wa Mbezi hutoa mablanketi kabatini, na mchana wa siku hiyo hiyo bado wanatafuta kivuli.

Mvua hupanda na kushuka zaidi ya joto. Kwa mwaka mzima kituo hicho hupata takriban milimita 1,150. Aprili peke yake hubeba kama 250, wakati Julai, Agosti na Septemba kila mmoja haufikishi hata 30. Masika, yaani Machi hadi Mei, hukusanya kama milimita 590, nusu ya mvua ya mwaka mzima. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huleta kama 310.

Sababu ziko kwenye jua, pepo na bahari. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri husimama utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mtu angetegemea nyakati hizo mbili zifanane kwa joto, lakini hazifanani. Oktoba inakuja baada ya miezi mingi ya Kusi, upepo unaoleta hewa ya baridi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, na bahari yenyewe bado haijapata moto. Februari na Machi zinakuja wakati upepo wa Kaskazi umeshavuma tangu Desemba na maji ya pwani yana joto lake lote. Jua ni lile lile, ila bahari ya Oktoba si bahari ya Machi.

Ukanda wa mvua nao hulifuata jua. Mwishoni mwa mwaka huvuka ukielekea kusini, na kuanzia Machi hurudi kaskazini. Pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na maeneo ya Ziwa Victoria hupitiwa mara mbili na kupata vuli na masika. Dodoma, Iringa, Mbeya na Mtwara hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au mapema Mei. Kwa hiyo wiki ile ambayo Mbezi inazama kwenye matope ya masika, mkulima wa Dodoma anaangalia kama mtama wake umeshakomaa. Hakuna “wastani wa mvua wa Tanzania” unaoweza kuwaambia hawa wawili jambo moja la maana.

Kuna pia jambo ambalo kipimajoto hakilioni. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na jasho halikauki vizuri kwenye hewa iliyojaa mvuke. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kama uko kwenye nyuzi 40 hivi. Dereva wa bodaboda akisema joto limezidi, anaweza kuwa anasema kweli kuhusu mwili wake hata kama kipimajoto kiko pale pale kilipokuwa Februari ya mwaka jana. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutomdharau, na pia ya kutotosheka na neno lake peke yake.

Kwa nini thelathini

Mwaka 1935, wakuu wa idara za hali ya hewa za nchi mbalimbali walikutana Warsaw, Poland, wakakubaliana kuwa tabianchi ya mahali ielezwe kwa wastani wa miaka 30. Kipindi cha kwanza kilikuwa 1901 hadi 1930. Tangu hapo dunia imetumia vipindi vya namna hiyo kama rula ya pamoja. Mwaka 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, liliamua rula hiyo isogezwe kila baada ya miaka kumi, na sasa kipindi kinachotumika ni 1991 hadi 2020. Kile cha 1961 hadi 1990 kimeachwa mahali pake, ili mabadiliko ya muda mrefu yawe na alama isiyohama.

Kwa nini isiwe miaka mitano, au mia? El Niño, joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba. Ukichukua miaka mitano unaweza kuangukia El Niño mbili, au usipate hata moja, ukadhani umeijua Dar es Salaam. Thelathini inatosha kuona mizunguko kadhaa ikipita, miaka ya neema na ya ukame ikafidiana. Mia nayo ni mingi mno: ingechanganya hali ya wakati wa babu na hali ambayo mkulima wa leo anapanda mbegu zake ndani yake.

Afrika Mashariki imekuwa na daftari hili kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, ilianza 1929 ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikaanza kujitegemea. Kwa Tanzania kazi hiyo hatimaye ikawa ya wakala ulioundwa 1999, ambao kwa sheria ya 2019 umekuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Mkurugenzi Mkuu wake, Dkt. Ladislaus Chang’a, alichaguliwa Julai 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC.

Lakini daftari hujazwa na mtu wa zamu, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwenye bustani ya kituo, mahali pa wazi penye majani mafupi, kuna kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za luva, kikiwa juu ya miguu. Muundo wake ulibuniwa katika karne ya 19 na Mskoti Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa za baharini, baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Luva hupitisha hewa na kuzuia jua, kwa sababu kinachotakiwa ni joto la hewa kivulini. Ukiweka kipimajoto juani, kinapima jinsi kilivyochomwa chenyewe. Ndani mna kipimajoto kinachobaki na alama ya joto la juu kabisa la mchana, na kingine kinachobaki na alama ya baridi ya usiku. Nje kidogo kuna kipimamvua, silinda yenye mdomo wa duara, faneli na chombo cha kupokelea maji.

Saa tatu asubuhi mtu wa zamu humimina maji hayo kwenye bilauri yenye mistari ya milimita, huinama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, husoma, huandika. Mvua isiponyesha huandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani sawa na milimita 80, kwa sababu siku isiyoandikwa haijulikani kama ilikuwa kavu au ilisahauliwa. Kila wastani unaotangazwa redioni umetokana na maelfu ya asubuhi za namna hii.

Mvua za wastani maana yake nini

Kabla ya kila msimu, TMA hutoa mwelekeo wa mvua. Wananchi husikia “juu ya wastani”, “wastani” au “chini ya wastani”, na wengi hudhani mvua za wastani ni kiasi kimoja kinachojulikana. Kumbe ni kitu kipana. Katika taarifa za TMA, mvua huhesabiwa kuwa za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu.

Tuzipime asilimia hizo kwenye paa la bati la nyumba ya Mbezi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, bila kuzidi wala kupungua. Paa lenye mita za mraba 100 likipata masika ya milimita 590, limepokea lita 59,000. Asilimia 75 ya hapo ni kama lita 44,000, na asilimia 125 ni kama 74,000. Misimu yote miwili, wa lita 44,000 na wa lita 74,000, itaandikwa kuwa ni ya “mvua za wastani”. Tofauti yake ni lita 30,000, matenki sita ya lita 5,000. Na hata hizo si zote zitakazoingia tenkini, maana kuna zinazomwagika kwenye mabomba, na yale maji ya kwanza yenye vumbi ni lazima uyaachie. Anayepanga maji ya familia kwa wastani peke yake, bila kupanga kwa upande wa chini wa wastani, anajiandalia Septemba ngumu.

Utabiri wenyewe hutolewa kwa uwezekano. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu katika jukwaa ambalo sasa linaratibiwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Kenya. Wao hupanga misimu ya miaka 30 kuanzia wenye mvua chache hadi wenye mvua nyingi, kisha huigawa mafungu matatu ya kumi kumi. Bila taarifa yoyote ya ziada, kila fungu lina nafasi sawa, asilimia 33 hivi. Hali ya bahari ikionyesha dalili, nafasi hizo husogea. Ukisikia uwezekano wa asilimia 45 kwa mvua juu ya wastani, elewa kwamba upande huo umepewa uzito, lakini asilimia 55 bado ziko kwenye mafungu mengine mawili. Msimu ukienda kinyume na hapo, mtabiri hakudanganya. Hata hivyo mkulima anayetumia utabiri huo mwaka baada ya mwaka atapata zaidi ya yule anayebahatisha.

Vuli, msimu usiotulia

Misimu yetu miwili haiyumbi sawasawa. Masika huleta mvua nyingi zaidi, lakini vuli ndiyo hubadilika zaidi mwaka hadi mwaka, na chanzo kikubwa kiko baharini. Mwaka 1999 wanasayansi wa India na Japani, wakiwemo N. H. Saji na Toshio Yamagata, walieleza katika jarida la Nature jinsi joto la Bahari ya Hindi linavyopishana kati ya magharibi, upande wetu, na mashariki, upande wa Indonesia. Hali hiyo huitwa dipoli ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, mvuke huongezeka, hewa hupanda, na vuli hufurika. Mambo yakigeuka, mawingu huhamia kwa wenzetu na sisi tunabaki na vumbi. El Niño kule Pasifiki mara nyingi huisukuma dipoli upande wa mvua. La Niña, kinyume chake, mara nyingi huirudisha upande wa ukame.

Miaka ya karibuni imetuonyesha pande zote mbili. Mwaka 2019 dipoli ilikuwa miongoni mwa zilizopata nguvu zaidi kuwahi kupimwa, na vuli ya Afrika Mashariki ikawa ya mafuriko. Kisha La Niña ikatawala miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022. Oktoba na Novemba 2022 maji ya Mto Ruvu yalishuka kiasi kwamba Dar es Salaam ikatangaziwa mgao wa maji, ndoo zikapanga foleni hadi kwenye mitaa iliyozoea bomba kutoka kila siku. Mwaka uliofuata El Niño na dipoli zikaungana. TMA ilikuwa imeshatahadharisha mapema kuwa vuli ya 2023 ingekuwa na mvua nyingi, na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua makumi ya watu.

Chukua vuli ya 2022 na ya 2023, zijumlishe, gawanya kwa mbili, utapata namba inayoonekana ya kawaida. Lakini hakuna aliyeishi ndani ya namba hiyo. Mwaka mmoja watu walitafuta maji, mwaka wa pili maji yakawafuata majumbani.

Wastani wa mwezi nao huficha siku. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 ndani ya saa 24, wakati wastani wa Desemba nzima ni chini ya 120. Mvua ya zaidi ya mwezi mmoja ilishuka kwa siku moja. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mfereji uliochimbwa kwa kufikiria jumla ya mwezi hauna msaada siku kama ile. Mtaro, karavati na msingi wa nyumba hushindana na saa moja kali kuliko zote, wakati wastani hukusanya siku zote kwa upole.

Mbeya na Mbezi kwenye kipimo kimoja

Turudi kwa abiria wa Mbeya. Kwao, mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa Mbezi akipelekwa kule atasema ni baridi, na wa Mbeya akiletwa Mbezi mwezi huo huo atasema ni joto. Wote wako sahihi, na wote hawajatuambia lolote kuhusu kama Julai hiyo ni ya kawaida.

Ili kuilinganisha mikoa, wanasayansi huacha kuuliza “kuna nyuzi ngapi?” wakauliza “kumezidi au kumepungua nyuzi ngapi kutoka kwenye wastani wa hapo hapo?” Tuseme usiku wa Julai Mbeya umezidi wastani wake kwa nyuzi mbili, na wa Mbezi umezidi wake kwa nusu. Mtu wa Mbeya bado amevaa sweta, lakini ni Mbeya iliyopata joto lisilo la kawaida. Ukipima namna hii, vituo vya milimani na vya pwani vinaweza kuingia kwenye ramani moja, na ndivyo wastani wa joto la nchi, la bara na la dunia unavyopatikana bila mlima kupunjwa wala pwani kupendelewa.

Hapa ndipo kosa moja la kawaida linapoingia. WMO ilitangaza kuwa mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa 1850 hadi 1900. Ripoti nyingine ikisema mahali fulani palizidi kwa sehemu tu ya nyuzi moja, msomaji hudhani mmoja wao anadanganya. Ukitazama vizuri utakuta ripoti ya pili inalinganisha na 1991 hadi 2020, kipindi ambacho chenyewe kilikuwa kimeshapata joto. Rula zikianzia mahali tofauti, namba hazitalingana hata kama kitu kinachopimwa ni kimoja.

Uwanja wa ndege si Mbezi

Namba zote za Dar tulizozitaja zimetoka uwanja wa ndege, kama mita 50 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbezi Luis, iliyokuwa Kinondoni kabla ya Wilaya ya Ubungo kuanzishwa, imepanda juu ya mita 100 na iko mbali zaidi na bahari. Kwa kawaida hewa hupoteza kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, kwa hiyo mwinuko peke yake unatupunguzia chini ya nyuzi moja. Umbali kutoka baharini unaongeza mambo mengine mawili: upepo wa bahari wa mchana huchelewa kutufikia, na usiku usio na mawingu ardhi hupoa zaidi. Ndani ya Mbezi yenyewe kuna tofauti. Hewa baridi ni nzito, hutelemka usiku kwenye mabonde, hivyo aliyejenga bondeni huamka na baridi ambayo jirani yake wa kilimani hakuisikia.

Simu inapoandika “Mbezi Luis, nyuzi 33”, usidhani lazima kuna kipimajoto pale stendi. Mara nyingi namba hiyo imekokotolewa na kompyuta kwa eneo pana la kilomita kadhaa, mlima na bonde vikiwa vimelainishwa kuwa kitu kimoja.

Halafu kuna kazi ya mikono yetu. Palipokuwa na mikorosho, miembe na minazi sasa pana bati, zege na vitofali vya kupanga uani. Mti hutumia sehemu ya nguvu ya jua kuvukiza maji. Zege huihifadhi na kuitoa taratibu usiku kucha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao milioni moja walioongezeka wamejenga kwa wingi pembezoni: Mbezi, Goba, Kibamba, Chanika, Mbagala, Kigamboni. Sehemu ya joto la usiku tunalolisikia imetoka hapo, karibu kabisa na dirisha la chumba cha kulala. Maji nayo hubadilika: ardhi iliyokuwa ikinywa mvua sasa huitelemsha yote kwenye makorongo, kwa hiyo mvua ile ile ya wastani huleta mafuriko ambayo miaka ishirini nyuma isingeyaleta.

Wastani nao unahama

Kwa ripoti za WMO, Afrika ilipata joto kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo kati ya 1961 na 1990, na kasi hiyo ikapanda kufikia kama 0.3 kwa muongo kati ya 1991 na 2022. Namba ndogo hizi zinajumlishana. Mtu aliyezaliwa mwaka 1991, anayekodisha fremu ya duka Mbezi leo, ameshapata ongezeko la karibu nyuzi moja ndani ya umri wake.

Kila rula inaposogezwa miaka kumi mbele, wastani mpya unakuwa na joto kuliko wa zamani, na Februari ambayo zamani ingeandikwa “ya joto kuliko kawaida” inaandikwa “ya kawaida”. Kwa mkulima na mhandisi hilo ni jema, wanahitaji kujua hali ya sasa. Kwa anayetaka kujua tunakokwenda, ni hatari kuitazama rula mpya peke yake, kwa sababu kila kitu kitaonekana kiko sawa. Ndiyo faida ya kuiacha ile ya 1961 hadi 1990 mahali pake.

Kwa hiyo dereva wa bodaboda tumjibu nini? Februari moja yenye joto haithibitishi kitu, na Julai moja yenye baridi kali haikanushi kitu. Lakini Februari zikipangwa kwa miaka thelathini, kisha thelathini nyingine, mstari unapanda. Akisema joto la siku hizi limezidi la utotoni kwake, daftari liko upande wake.

Kinachotakiwa Mbezi

Jiji la watu zaidi ya milioni tano haliwezi kusomwa kwa vituo vichache. Mvua ya ngurumo inaweza kuipiga Kibamba na kuiacha Kimara kavu, na kipimamvua cha uwanja wa ndege kisione hata tone. TMA inahitaji vituo zaidi pembezoni, na halmashauri ndizo zenye maeneo: kila shule ya msingi ina uwanja wa wazi, mwalimu wa sayansi na watoto wanaofika kila asubuhi.

Hata kabla ya vifaa vya kitaalamu kufika, darasa linaweza kuanza. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli. Jaza kokoto kwenye kitako chenye mabonde, weka maji mpaka pale ubavu unaponyooka, piga mstari wa sifuri, kisha bandika rula juu yake. Iweke mbali na ukuta na miti, angalau umbali mara mbili ya urefu wa hivyo vizuizi. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Chupa hiyo haitachukua nafasi ya kipimamvua cha TMA, lakini masika moja tu inatosha kuwaonyesha wanafunzi kama mvua yao inafuatana na ya uwanja wa ndege au ina mwendo wake.

Na wenye mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi wana deni kubwa zaidi. Karavati linalomwagiwa zege leo kwenye korongo la Mbezi litatakiwa kufanya kazi hadi baada ya mwaka 2050. Likikadiriwa kwa mvua ya uwanja wa ndege ya miaka ya 1970, litazibwa na mchanga au kubebwa na maji, na familia za bondeni ndizo zitakazolipa. Likadiriwe kwa mvua iliyopimwa Mbezi, kwa siku yake kali kuliko zote, na kwa joto la miaka tunayoishi.